Pamba Yetu, Uzi wa Nani? Historia ya Kusokota kwa Mkono katika Mwambao wa Ziwa

Katika kitabu hiki cha maadhimisho mtasoma habari za ujenzi wa mandir yetu, za waliotoa fedha na za waliotoa jasho. Kwa upande wangu, nimeona inafaa kuandika juu ya biashara iliyowaleta wengi wa wazee wetu katika mwambao huu. Biashara hiyo ilikuwa na ncha mbili: kununua pamba na kuuza nguo. Kati ya ncha hizo kuna kitu ambacho historia zetu hukiruka, nacho ni uzi, pamoja na mkono unaousokota.

Uzi huo haujatoweka kabisa miongoni mwetu. Kila siku, kabla ya aarti, akina mama huketi wakichukua pamba kidogo na kuisokota kati ya viganja hadi iwe utambi wa taa, ambao kwa Kigujarati twauita divet. Janoi inayovaliwa begani nayo ni uzi wa pamba, na uzi huo kwa desturi ulisokotwa kwa mkono. Mabaki haya ya kazi ya kale tunayaona kila siku bila kuyauliza yametoka wapi.

Uzi kabla ya meli

Wapo wanaodhani kwamba watu wa Afrika Mashariki hawakujua kusokota mpaka meli zilipowaletea nguo. Ardhi yenyewe yakanusha jambo hilo. Katika magofu ya Kilwa Kisiwani, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vigurudumu vingi vidogo vilivyochongwa kwa vigae vya vyungu, kila kimoja kikiwa na tundu katikati. Kigurudumu cha namna hiyo huchomekwa katika kijiti; kijiti kikizungushwa, uzito wa kigae hukifanya kiendelee kuzunguka, na pamba iliyoshikwa juu yake hujikaza ikawa uzi. Ibn Battuta, aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilisafirishwa hadi Misri.

Ujuzi huo haukuishia pwani. Richard Burton na John Speke walipopita Unyamwezi mwaka 1857 na 1858, waliwakuta watu wanaolima pamba, wanaoisokota na kuifuma kwa vitanda vya mfumi. Burton alieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha safari. Ni Speke huyo huyo aliyefika Mwanza mwezi Agosti 1858 na kuliona ziwa letu. Kusini-magharibi mwa nchi, Wafipa nao walikuwa na nguo yao ya pamba, na ufumaji wao ulidumu muda mrefu baada ya nguo za kigeni kufika. Hapa ziwani, kabla ya nyavu za nailoni kuenea katika miaka ya 1950, mvuvi aliijua kazi ya kusokota nyuzi za mimea juu ya paja lake, kwa kuwa asiyejua kusokota hakuwa na wavu wala mshipi.

Kwa hiyo wazee wetu hawakukuta nchi isiyojua uzi. Walikuta nchi yenye wasokotaji wake, wenye kazi polepole na nguo nzito za kudumu.

Marekani, kaniki na duka la Mhindi

Ni nini basi kilichowanyamazisha wasokotaji hao? Sababu zilikuwa kadhaa, lakini kubwa ilikuwa nguo ya kiwandani. Kuanzia miaka ya 1830, meli za Marekani zilileta Unguja shuka nyeupe isiyotiwa rangi, iliyofumwa kwa mashine, nayo ikapata jina la nchi ilikotoka: marekani. Misafara ya Unyamwezi iliibeba mabegani hadi huku ziwani, na katika safari hizo ilitumika kama fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, shehena zilipungua, na nguo za Bombay zikapata nafasi. Pamoja nazo ilikuwapo kaniki, nguo ya rangi ya bluu iliyokoza, ambayo hadi leo bibi zetu wa Kisukuma wanaijua vizuri.

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli za ziwani zikaanza kuunganisha bandari za Kisumu, Entebbe, Bukoba na Mwanza, na wafanyabiashara kutoka Gujarat, Kutch na Saurashtra wakafuata njia hiyo. Serikali ya Wajerumani, na baada yao Waingereza, ilihimiza kilimo cha pamba. Katika miaka ya 1930 kituo cha utafiti cha Ukiriguru kilianza kazi yake, na hadi leo mbegu kama UK91 na UKM08 zinabeba jina lake. Reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, marobota yalipata njia ya pili ya kwenda baharini.

Hivyo ndivyo duka la Mhindi lilivyosimama kati ya safari mbili. Mlangoni iliingia pamba mbegu kutoka Kwimba, Maswa na Geita. Ilipelekwa kwenye kinu cha kuchambulia, ikatenganishwa na mbegu, ikafungwa marobota na kusafirishwa Bombay, Lancashire au Japani. Kutoka huko ilirudi ikiwa khanga, kaniki, shuka na suruali, na ikauzwa katika duka lile lile kwa mkulima yule yule. Babu yangu, kama babu za wengi wenu, alipima pamba upande mmoja wa kaunta na kupima nguo kwa yadi upande wa pili. Uzi wenyewe hakuuona ukisokotwa.

Gurudumu lililopotea Gujarat

Huenda msomaji akasema: Wahindi, angalau, walibaki na gurudumu lao. Historia haisemi hivyo. Viwanda vya Lancashire vilikuwa vimekwisha kuwanyang'anya kazi wasokotaji wa India. Kisha vikaja viwanda vya Wahindi wenyewe, cha kwanza Bombay mwaka 1854 na cha Ahmedabad mwaka 1861. Mwanzoni mwa karne ya 20, rentiyo, yaani gurudumu la kusokotea, lilikuwa limetupwa darini katika nyumba nyingi za Gujarat.

Mohandas Gandhi alizaliwa Porbandar mwaka 1869. Alipokuwa njiani kwenda Afrika Kusini mwaka 1893, meli yake ilitia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Mwaka 1909 aliandika kitabu kidogo cha Hind Swaraj na humo akausifu ufumaji wa mkono, ingawa yeye mwenyewe, kwa maelezo yake, hakukumbuka kuwa amewahi kuliona gurudumu la kusokotea. Aliporejea India mwaka 1915 na kuanzisha ashram karibu na Ahmedabad, wafuasi wake walianza kufuma, lakini kwa uzi wa kiwandani. Hawakumpata mtu wa kuwafundisha kusokota.

Aliyeondoa tatizo hilo alikuwa mwanamke mjane, Gangaben Majmudar. Alizunguka Gujarat akilitafuta gurudumu, akalipata Vijapur, katika dola ya Baroda. Huko wanawake wengi walikuwa nayo majumbani yakiwa yamewekwa kando. Walisema wako tayari kuanza tena, mradi wapatiwe puni, yaani vikunjo vya pamba iliyochanwa, na mradi uzi wao upate mnunuzi. Ninawaomba wasomaji wayazingatie masharti hayo mawili. Hata pale ujuzi unapokuwa mikononi, kazi hufa ikikosa malighafi iliyo tayari na ikikosa soko.

Baada ya hapo gurudumu lilienea upesi. Mwaka 1925 kiliundwa Chama cha Wasokotaji wa India Nzima. Kwa muda, mwanachama wa Congress alitakiwa kutoa yadi 2,000 za uzi kila mwezi badala ya ada ya fedha. Gandhi alipokuwa gerezani Yeravda, liliboreshwa gurudumu dogo linalokunjwa ndani ya sanduku, ambalo msafiri aweza kulibeba kama mkoba. Hadi leo, katika kalenda ya Kigujarati, siku aliyozaliwa yaitwa Rentiya Baras, siku ya kumi na mbili ya gurudumu.

Ziwa letu halikuwa mbali na mambo hayo. Nanji Kalidas Mehta, aliyezaliwa kijijini karibu na Porbandar mwaka 1887, alijenga utajiri wake Uganda kwa vinu vya pamba na kwa sukari ya Lugazi. Porbandar alimiliki kiwanda cha nguo, na huko huko akagharimia Kirti Mandir, jengo la kumbukumbu ya Gandhi lililofunguliwa mwaka 1950. Hivyo mtu wa mashine alimjengea mtu wa gurudumu, kwa mali iliyotokana kwa sehemu na pamba ya ziwa hili. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Gandhi ilitawanywa Jinja, pale Mto Nile unapotoka ziwani, na mwaka 1997 sanamu yake ikazinduliwa mahali hapo. Naye Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ndiye mtu wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Gandhi na serikali ya India, mwaka 1995.

Mizani

Historia ya jumuiya inayotaja mandir na shule tu, ikaiacha mizani, itakuwa nusu ya historia. Katika miaka ya 1940 na 1950, wakulima wa Usukuma walilalamika kwamba mizani ya wanunuzi haikuwa ya haki. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa asili yetu. Wapo waliopima kwa uaminifu na wapo waliopunja. Lakini mkulima aliyesimama nje ya kaunta hakuwa na njia ya kuwatofautisha, na hapo ndipo uchungu ulipokaa.

Jibu la wakulima halikuwa mawe wala moto. Walijipanga. Baadhi yao waliweka mizani yao wenyewe ili pamba ipimwe kabla ya kufika kwa mnunuzi. Vyama vya msingi vilianza kusajiliwa, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa nchi huru. Katika miaka michache ushirika huo ulikuwa ukinunua pamba yote ya jimbo na kumiliki vinu vyake wenyewe. Baada ya uhuru ulizaa Nyanza Cooperative Union, ambayo kila mkazi wa Mwanza aijua kwa jina la Nyanza.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 hatua nyingine ilifuata, nayo ni kiwanda cha nguo cha Mwatex. Sasa uzi ulisokotwa hapa hapa, kwa mashine, karibu na shamba. Wengi wa rika langu walivaa vitambaa vyake wakiwa wanafunzi. Kiwanda kilipita katika nyakati ngumu, na hata leo sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa bado haijawa uzi. Mji wetu una Barabara ya Pamba na una timu ya Pamba, ile TP Lindanda ya vijana wetu, lakini mtoto wa darasa la saba aweza kumaliza shule bila kuona jinsi pamba inavyogeuka uzi.

Somo la mkono

Wengine wataniuliza, kusokota hufanywaje? Nitaeleza kwa ufupi, kwa faida ya vijana.

Kwanza pamba mbegu huchambuliwa. Kwa kila kilo tatu, takriban kilo moja tu ndiyo nyuzi. Kinachobaki ni mbegu. Pili, nyuzi huchanwa hadi zilale upande mmoja, kisha huviringishwa kwenye kijiti ili kupata puni, yenye urefu wa penseli. Tatu, ncha ya puni hushikizwa kwenye kijiti cha kusokotea au kwenye chuma cha gurudumu. Mkono wa kulia huzungusha. Mkono wa kushoto huvuta puni nyuma polepole. Hapo ndipo penye siri yote. Ukivuta haraka kuliko mzunguko, uzi hukatika. Ukizungusha haraka kuliko mvuto, uzi hujikunja mafundo. Mikono miwili lazima ipatane, na hakuna kitabu kitakachoipatanisha ila mazoezi. Uzi wa anayeanza huwa mnene hapa na mwembamba pale, na kama wasemavyo wahenga, kamba hukatikia pabovu.

Kwa kufuma kwa sindano kuna hatua moja zaidi. Uzi mmoja peke yake, ukifumwa, hukifanya kitambaa kipinde upande mmoja, kwa sababu msokoto wake bado unataka kujifungua. Basi nyuzi mbili huunganishwa na kusokotwa kwa mwelekeo wa kinyume. Kila uzi humzuia mwenzake asijifungue, na kitambaa hukaa sawa.

Katika sehemu hii majirani zetu ni walimu wetu. Nendeni katika nyumba za Mabatini, Nyakato au Igoma, mtazame makochi: yamevikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, vya maua na nyota. Mama lishe hufuma akisubiri maji yachemke. Muuza nyanya hufuma mteja akiwa hajafika. Akina mama wa Mwanza tayari wanao muda wa kufuma, kwa sababu wameutafuta katikati ya kazi. Uzi wanaotumia, hata hivyo, mara nyingi umetoka ng'ambo, nao wameketi katikati ya nchi ya pamba.

Hesabu ya doti moja

Mimi ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hupenda hesabu. Tuchukue khanga moja yenye urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 110. Tukikadiria nyuzi 20 katika kila sentimita, kwa mtande na kwa mshindio, khanga hiyo ina uzi wa mita 6,600 hivi. Doti, yaani khanga mbili, ina zaidi ya kilomita 13 za uzi. Hiyo ni kama mara nne ya urefu wa Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi.

Sasa tukumbuke zile yadi 2,000 kwa mwezi, ambazo ni zaidi kidogo ya mita 1,800. Ilisemwa kwamba nusu saa kwa siku yatosha kuzitimiza. Kwa kipimo hicho, doti moja ingemchukua msokotaji zaidi ya miezi saba, bila kuhesabu siku za kufuma na kutia rangi. Sisemi haya ili tuache kununua khanga dukani. Mimi mwenyewe nimeziuza maisha yangu yote. Nasema ili tujue tulichokuwa tukikipima kwa yadi. Bei ndogo ya kitambaa ilituficha kazi kubwa iliyomo. Aliyesokota hata mita kumi kwa mkono wake hatakitazama tena kitambaa kama kitu kilichoota kwenye rafu, wala hatamtazama mkulima wa Meatu kama kilo kwenye mizani.

Pendekezo

Nitamaliza kwa pendekezo kwa kamati na kwa majirani. Soko la pamba hufunguliwa kuanzia mwezi Mei. Tununue pamba mbegu kidogo, kwa bei ya haki, kutoka kwa wakulima wa chama cha msingi kilicho karibu nasi. Tarehe 2 Oktoba, siku ya kuzaliwa kwa Gandhi, ambayo tangu mwaka 2007 Umoja wa Mataifa umeifanya Siku ya Kimataifa ya Kutotumia Nguvu, tufungue baraza la mandir kwa yeyote anayetaka kuketi. Wazee wetu wachache wanaokumbuka rentiyo wafundishe kusokota. Akina mama wa mtaa wafundishe kufuma. Watoto wa dini zote na wa makabila yote wachambue pamba pamoja.

Tusisahau masharti ya wanawake wa Vijapur. Puni ziandaliwe mapema, na kile kitakachofumwa kipate mnunuzi. Mimi na wenzangu wa madukani hatutashindwa kukiwekea nafasi kwenye rafu. Na uzi wa kwanza, hata ukiwa na mafundo, usitupwe. Ukatwe vipande na kusokotwa kuwa tambi za taa, ili jioni hiyo aarti iwake kwa pamba ya Usukuma iliyosokotwa na mikono ya watu wa Mwanza.

Kwa wote waliotutangulia, Wasukuma, Wakerewe, Waarabu, Wagujarati na wengineo waliokutana mwambaoni hapa kwa ajili ya pamba, tunatoa heshima zetu.